Walidhani Ni Jodari

Aprili 1498, usiku wa manane, mitumbwi miwili ilitoka kimya ufukweni Mombasa ikaelekea zilipotia nanga meli tatu za Vasco da Gama. Ikasimama mbali kidogo. Watu wakashuka majini wakaogelea, wengine kuelekea meli iliyoitwa Berrio, wengine kuelekea São Rafael. Wale wa Berrio wakaanza kuikata kamba ya nanga. Mabaharia wa zamu waliuona mtikisiko ule kwenye maji na hawakushtuka, walidhani ni jodari. Walipogundua kuwa jodari habebi kisu, wakapiga kelele. Kufikia hapo wengine walikuwa wameshashika kamba za mlingoti wa nyuma wa Rafael. Walipoona wameonekana, wakateleza kimya hadi majini na kutokomea gizani.

Habari hii imo katika shajara ya safari ile, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwa melini. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilipotushinda nyumba nzima, lakini tabia ya kufukua vitabu vya zamani haikuniacha, na kila nikiisoma shajara hiyo nakwama kwenye usiku huo mmoja. Kila anachokilalamikia soja wa boti Mtwapa kimo ndani yake: giza, maji, mtu asiyeonekana mpaka ameshafika, na mlinzi anayetazama kitu bila kukitambua.

Kama waogeleaji wale walikuwa wezi, hapo tunaweza kubishana mpaka asubuhi. Wiki chache kabla, Wareno walikuwa wameushambulia kwa mizinga mji wa Kisiwa cha Msumbiji, na habari mbaya husafiri haraka pwani hii. Usiku ule ule Da Gama alikuwa amewadondoshea mateka wawili mafuta ya moto ngozini ili waseme wanachokijua. Aliyeandika shajara hakuwa na shaka nani ni mhalifu. Mimi ninayo.

Nimezaliwa na kukulia Mtwapa, mji ambao wageni huujua kwa vilabu vya usiku na sisi huujua kwa foleni ya magari. Chini ya daraja kuna hori ambalo ndilo mpaka: upande wa kusini ni Kaunti ya Mombasa, upande wa kaskazini ni Kilifi. Humo ndimo zinamolala boti za uvuvi wa samaki wakubwa, yoti za wazungu waliohamia, boti za kutembeza watalii, na katikati yake madau na ngalawa za watu wa kawaida. Na chini ya kila boti yenye mashine kuna kipande kimoja cha madini chenye mabawa matatu au manne ambacho, kikitoweka, boti nzima inageuka kuwa kibanda kinachoelea.

Vitabuni kinaitwa rafadha. Horini utasikia propela zaidi, na wazee wengine husema pangaboi, jina lile lile la feni. Nitatumia rafadha kwa sababu nalipenda neno lenyewe.

Swali lililonifanya niandike haya ni dogo: tangu lini chombo cha baharini kikawa na kitu cha kung'olewa na kuuzwa kando?

Kwa muda mrefu sana, jibu ni kwamba hakikuwa nacho. Kitabu cha wafanyabiashara wa Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinautaja mji wa Rhapta ambao jina lake lilitokana na vyombo vyake vya kushonwa. Mtepe wetu wa Lamu ulikuwa wa ukoo huo huo: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka. Hebu fikiria ungekuwa mwizi wa mtepe. Ungeiba nini? Mkeka? Kamba ya nazi ambayo kila nyumba inasokota? Thamani ilikuwa kwenye shehena, na kwa aibu ya historia yetu, kwenye watu waliobebwa. Shehena ikishashushwa, kilichobaki ufukweni ni mbao tu, kubwa mno kubebwa na zinazojulikana mno kuuzwa.

Vitu vilivyoweza kubebeka, mwenyewe alivibeba. Mpaka leo mvuvi wa ngalawa akirudi hutembea nyumbani na tanga begani, kafi mkononi, usukani kwapani. Utotoni nilidhani ni mazoea tu. Kumbe ndiyo kufuli lenyewe. Chombo kinaachwa pale mchangani bila mlinzi, lakini kimevuliwa kila kinachokifanya kuwa chombo.

Mashine ndiyo iliyovuruga mpango huu. Rafadha kama tunavyoijua ilipata hataza zake kubwa mwaka 1836, Francis Pettit Smith na John Ericsson wakishindana London. Mwaka 1845 jeshi la majini la Uingereza likafungisha meli mbili kisogo kwa kisogo, Rattler yenye rafadha na Alecto yenye magurudumu ya pembeni, zivutane kama watoto kwenye michezo ya shule. Rattler ikaiburuta mwenzake kinyumenyume. Baada ya hapo mjadala ukaisha, angalau kwa wenye pesa.

Kwetu, kampuni ya British India ilianza kuleta meli za moshi za barua Zanzibar mwaka 1872. Mwaka huo huo kimbunga kiliivunjavunja merikebu ya Sayyid Barghash pamoja na nyingine bandarini, naye akaagiza mpya Uskoti. Glasgow ilishushwa majini mwaka 1878: mbao za msaji juu ya mifupa ya chuma, milingoti mitatu, na mashine ya moshi inayozungusha rafadha. Ilikuja kuzamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ile iliyoisha kabla chai haijapoa. Kwa miaka mingi milingoti yake ilibaki imechomoza bandarini Zanzibar kama vidole vya mtu anayezama, hadi mwaka 1912 kampuni ya kuopoa mabaki ilipoivunja. Nikiitazama picha ya milingoti ile huona tofauti na mtepe. Mtepe ukifa unaoza tu. Meli ya mashine ikifa, kuna mtu anakuja na mizani.

Na mizani hiyo iko kila mahali duniani. Moja ya rafadha za Lusitania, meli iliyozamishwa karibu na Ireland mwaka 1915, iliopolewa mwaka 1982 na ikayeyushwa kutengeneza fimbo za gofu. Huko karibu na Malaysia, rafadha za manowari Prince of Wales na Repulse, zilizozama Desemba 1941 na mamia ya mabaharia ndani yake, ziling'olewa chini ya bahari na watu wa vyuma chakavu. Makaburi ya vita, na bado mtu akapiga mbizi na kifaa chake. Sababu si siri: rafadha ya meli au ya boti kubwa hutengenezwa kwa mchanganyiko ambao zaidi ya nusu yake ni shaba nyekundu, ile ile ya nyaya za umeme. Za mashine ndogo za kuning'iniza nyuma ya boti, zile alizoanza kuuza Ole Evinrude huko Marekani mwaka 1909, mara nyingi ni za alumini. Bei yake kwa kilo ni ya chini, lakini yeyote mwenye spana na dakika chache anaifungua: unanyoosha pini, unalegeza nati, unavuta. Imeundwa iwe rahisi hivyo makusudi, ili ikigonga mwamba uibadilishe hapo hapo. Urahisi ule ule ndio unaomsaidia mwizi.

Mjomba wangu alikuwa soja wa usiku kwenye marina moja hapa horini. Sitaitaja. Hii ilikuwa miezi ya kusi, na kusi lazima niieleze kwa wale mnaosoma mkiwa Nairobi. Kuanzia mwezi wa nne upepo unageuka, bahari ya nje inachafuka, na uvuvi wa watalii unafungwa mpaka karibu mwezi wa nane. Boti zinavutwa nchi kavu, zinaegemezwa kwenye magogo, zinakwanguliwa na kupakwa rangi. Makuli, wapishi na mabaharia wanaambiwa watapigiwa simu msimu ukifunguka. Kwa hiyo angalia kinachotokea: katika miezi ile ile ambayo rafadha zimetoka majini na kuning'inia usawa wa kiuno cha mtu, ndipo nusu ya watu wanaojua kuzifungua wanapokaa nyumbani bila mshahara. Hakuna aliyepanga hivyo. Ni kalenda tu.

Boti aliyoilinda mjomba ilikuwa na mashine mbili. Asubuhi moja rafadha zote mbili hazikuwepo, na nati zake zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye ubao kama vikombe kwenye kabati. Mwenye boti alikuwa ng'ambo. Msimamizi alipiga simu polisi, polisi wakamchukua mjomba kwa sababu ndiye aliyekuwepo, akalala ndani siku mbili. Alipotoka aliambiwa gharama itakatwa kwenye mshahara wake. Miezi mitano alipokea nusu. Bei ya rafadha mpya dukani na bei yake kwenye mizani ya vyuma chakavu hazikai mtaa mmoja; mwizi alipata hela ya wiki, mjomba akalipa bei ya dukani. Watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo muhula ule.

Nilipomuuliza miaka kadhaa baadaye, hakutaka kuzungumzia kituo cha polisi. Alitaka kuzungumzia geti.

“Wewe umesoma, mwanangu, hebu niambie,” alisema. “Kibanda changu waliniwekea getini. Taa iko getini. Kitabu cha kuandika wageni kiko getini. Geti linatazama barabara. Sasa hori lina geti?”

Alikuwa sawa. Nimezunguka hori lote kwa boti ya rafiki, nikitazama sehemu za kuegesha boti kama mwizi angezitazama, na karibu zote zimezungushiwa ukuta upande wa bara. Maji yakijaa usiku wa bamvua, mtu aliye kwenye kidau bila mashine anafika mpaka chini ya boti bila kukanyaga ardhi. Ukuta umejengwa kwa hofu ya mtu wa mtaani, yule kijana wa kutoka vibanda vya juu, wakati mlango mkubwa umeachwa wazi upande ambao wenye boti wanaupenda kwa sababu ya mandhari.

Wapo watakaosema kazi iliyofanywa kwa usafi ule, nati zimepangwa, ni ya mtu wa ndani. Huenda. Ila “mtu wa ndani” horini maana yake ni kila fundi, kila baharia, kila aliyewahi kushika spana ya saizi ile. Ukianza kushuku hivyo unabaki na mji mzima, na unayemkamata ni yule mwenye kibanda getini.

Ng'ambo ya hori, upande wa Mombasa, kuna gereza la Shimo la Tewa. Jina hili hunichekesha bila kutaka: tewa ni samaki wa mwambani anayejificha pangoni na kukataa kutoka. Mwaka 2009 Kenya ilipokubali kuwashtaki watuhumiwa wa uharamia waliokamatwa na manowari za Ulaya, wengi waliletwa hapo, na Juni 2010 ikafunguliwa hapo hapo mahakama ya ulinzi mkali kwa ajili ya kesi zao. Umoja wa Mataifa ulisaidia kulikarabati gereza lenyewe. Kwa hiyo kwa muda, wizi wa meli nzima ulikuwa na mahakama yake mpya kwenye hori hili. Wizi wa kipande kimoja cha meli uliendelea kuamuliwa na msimamizi na kikokotoo chake.

Si kwamba hakuna sheria. Kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu kinampa mwizi wa kawaida hadi miaka 3. Kifungu cha 322, cha kupokea mali ya wizi, kinafika miaka 14. Soma tena. Waliotunga sheria walimwogopa mnunuzi kuliko mwizi, na nadhani walikuwa na akili. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 ikaongeza kwamba mfanyabiashara wa vyuma lazima awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Kisha Januari 2022 minara ya umeme ikaanguka Nairobi, nchi nzima ikakaa gizani, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku iliondolewa mwezi Mei kwa masharti mapya. Ilihitaji nchi nzima izimike taa ndipo mtu aulize vyuma vinatoka wapi. Mwenye boti akipoteza rafadha, wa kwanza kuulizwa ni soja. Kesi ya mjomba ilipita bila mtu hata mmoja kwenda kwenye yadi ya vyuma kuuliza nani alikuja na nini asubuhi ile, na yadi si nyingi.

Ulinzi bora wa mashine niliowahi kuusoma haukutokea pwani, ulitokea Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani walipokuwa wakiukimbia mji, hawakutaka meli yao Graf von Götzen iangukie mikononi mwa Wabelgiji na Waingereza. Wahandisi wake wakaipaka mashine grisi nzito kila mahali, kisha wakaizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika. Iliopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ziwa lilikuwa ghala lake kwa miaka minane.

Maji ya chumvi hayana hisani hiyo, na hapa lazima niseme neno kuhusu mwizi wa pili wa rafadha, yaani bahari yenyewe. Madini mawili tofauti yakikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, moja linaliwa. Mwingereza Humphry Davy alionyesha mwaka 1824 kwamba ukibandika kipande cha zinki au chuma kwenye shaba iliyofunika meli, bahari itakula kile kipande na kuiacha shaba. Mpaka leo fundi yeyote Mtwapa atakuonyesha kipande cha zinki kilichofungwa karibu na rafadha, kimetobokatoboka kama jibini. Kimewekwa pale ili kiliwe. Nilipomweleza mjomba haya alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe mimi nilikuwa zinki.”

Sasa ya vitendo, kwa sababu najua kuna wenye boti watakaosoma hapa. Kuna nati za kufuli zinazohitaji ufunguo wake maalum, na zinasaidia, ingawa mtu mwenye muda na msumeno wa chuma hazuiliwi nazo milele. Kuchonga namba kwenye kitovu cha rafadha na kuipaka rangi mbaya ya kuonekana kunasaidia zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu kunamtia hofu mnunuzi wa spea. Kamera nazo zipo. Naziamini kidogo: kamera ya usiku inayotazama maji meusi itakuonyesha kitu kinachotikisika, na utaamua mwenyewe kama ni jodari. Taa moja inayoangaza hori ni bora kuliko tatu za getini. Na mshahara wa mlinzi ni kifaa cha ulinzi pia, japo sijawahi kuuona kwenye orodha ya duka lolote.

Lakini kwenye bandari za wavuvi wadogo wenye mashine, kuelekea Takaungu na Kilifi, nimeona wakifanya kitu kingine. Mashine ikifika ufukweni inafunguliwa skrubu zake mbili, vijana wawili wanaibeba kwenye mti hadi nyumbani kwa nahodha au kwenye banda la kikundi cha usimamizi wa ufuo, vile vikundi ambavyo kanuni za uvuvi za mwaka 2007 zilivipa nguvu ya kisheria. Boti inabaki mchangani bila kitu. Ni desturi ya tanga begani, imehamishiwa kwenye chuma. Boti kubwa za marina haziwezi kubebwa hivyo, ni kweli, lakini rafadha yake inaweza. Kwa miezi yote ya kusi haina kazi pale ilipo.

Hicho ndicho anachofanya mjomba siku hizi. Aliacha usoja. Mwezi wa nne, boti zikivutwa juu, anapita kwa wenye boti wanaomwamini, anafungua rafadha, anapaka grisi kwenye shafti, anaifunga kwa gunia na kumpelekea mwenyewe nyumbani. Mwezi wa nane anazirudisha. Anatoza kwa kila moja, na wateja wake mwaka jana walikuwa saba. Ana daftari la mistari, lile la watoto wa shule, ambamo anaandika jina la boti, namba aliyochonga kitovuni, tarehe ya kufungua na sahihi ya aliyepokea. Mimi ndiye niliyemchorea jedwali. Aliniomba niongeze safu moja mwishoni, na nilipomuuliza iandikwe nini juu yake, akasema niandike saa na nani alishika tochi.

Pesa zake za miezi ile mitano hazijarudi.